Samaki wanaong'ang'ania mawe wametoweka chini ya mashine yetu ya kahawa, Mbozi. Tufanye nini kabla ya msimu?

MamaBuni – Mei 4

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Mbozi, nalima kahawa ekari mbili alizoniachia mama mkwe, na huu ni mwaka wa tatu niko kwenye kamati ya kikundi chetu cha wakulima. Nisameheni nikiandika kirefu. Jambo hili limenikaa moyoni tangu Agosti.

Nyuma ya shamba kinapita kijito. Mahali pengi unakivuka kwa hatua mbili, lakini kina mawe meusi makubwa, na maji yake ni ya baridi hata mchana wa Oktoba. Kwenye mawe hayo, tangu nilipoolewa hapa, nimezoea kuona samaki wadogo, urefu wa kidole changu cha shahada. Kichwa kimebapa, mwili wa kahawia wenye mabaka, mkia unachezacheza huku mwenyewe katulia. Mdomo uko chini ya kichwa, mviringo kama kifuniko cha chupa ya soda, na kwa mdomo huo ndio anashika jiwe. Maji yanapita kwa nguvu ya kukunyang'anya ndoo, yeye hasogei. Ukilinyanyua jiwe anatoka nalo nje, kang'ang'ania vilevile, mpaka umbandue kwa ukucha. Mwanangu wa pili alipokuwa mdogo aliwaita ving'ang'anizi, na jina likabaki hapa nyumbani. Hatuwali. Ni wadogo, tena wana miiba inayochoma. Watoto wanawashika, wanawabandika kiganjani, wanacheka, wanawarudisha.

Kikundi chetu kina mashine ya kumenyea kahawa. Nimepima kwa futi kamba: iko mita 28 kutoka kijitoni, maana bila maji haifanyi kazi. Miaka ya nyuma kahawa ilikuwa kidogo. Mwaka jana miti ilizaa sana, na watu wa kijiji cha pili wakaleta ya kwao pia. Kuanzia Julai mashine ilikuwa inalia mpaka saa tano usiku. Shimo la maji machafu likajaa wiki ya pili. Tukakaa kikao, tukakubaliana kukata mfereji kuelekea chini. Mimi nilikuwepo kwenye kikao hicho na nilinyoosha mkono kukubali. Nalisema hapa kwa sababu sitaki mtu aanze kutafuta mchawi.

Kufikia katikati ya Agosti maji ya chini ya mfereji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya pombe iliyochacha. Juu ya mawe kukaota uteute mweupe, kama pamba iliyolowa. Ng'ombe wa jirani walifikishwa, wakanusa, wakageuka. Asubuhi moja nikawakuta ving'ang'anizi wamejikusanya mahali maji yanapopiga jiwe na kutoa povu. Walikuwa wameachia mawe. Walikuwa juu kabisa ya maji, vichwa juu, wanahema. Nimekaa na kijito kile miaka kumi na tisa na sikuwahi kumwona samaki yule akiachia jiwe kwa hiari yake. Keshoye hawakuwepo.

Masika imeshapita, maji yameng'aa tena. Jumamosi nilikwenda na mwanangu tukageuza mawe, taratibu, tukiyarudisha kila moja mahali pake. Chini ya mashine tuligeuza mawe hamsini. Hakuna hata mmoja. Juu ya mashine tuligeuza thelathini, tukapata wanne.

Maswali yangu: huyu samaki ni nani hasa? Watarudi wenyewe? Na tufanye nini kabla ya kahawa kuiva, bila kuifunga mashine? Ada za watoto wetu ziko humo.

---

Mwanamito – Mei 5

Dada MamaBuni, pole sana, na asante kwa kuhesabu. Watu wengi wanaleta "samaki wamekwisha" bila namba hata moja. Mimi nilisomea uvuvi, kwa sasa nasaidia wafugaji wa sato kwenye mabwawa huku Mbeya, lakini samaki wa vijito ndio niliowapenda tangu chuoni.

Uliyemweleza ni ndugu wa ngogo. Ngogo wa ziwani bila shaka unamjua, yule mwenye miiba migumu anayelia akitolewa kwenye maji. Wako yumo katika ukoo huohuo, kwenye kundi ambalo wataalamu wanaliita Chiloglanis. Midomo na ndevu zake zimeungana zikawa sahani ya kunyonyea. Anaibandika kwenye jiwe, na kwa meno yake madogo anakwangua utelezi wa mwani na kula viluwiluwi vya wadudu waliojificha humo. Ndiyo maana anataka mambo mawili kwa pamoja: jiwe safi na maji ya kasi. Jiwe likifunikwa na tope hana pa kushika wala cha kula. Maji yakisimama, hewa inampungukia.

Vijito vya milimani vina samaki mwingine wa kumchanganya naye, Amphilius. Huyo naye kabapa na anakaa juu ya mawe, ila mdomo wake ni wa kawaida, hauna sahani, na mgongoni hana mwiba mgumu. Mgeuze tumbo utajua papo hapo.

Sasa hili ningeomba ulisome kwenye kikao cha kikundi. Mwaka 1996 Mjerumani mmoja mtaalamu wa samaki, Lothar Seegers, alichapisha utafiti wake wa samaki wa bonde la Ziwa Rukwa. Humo aliwapa majina Chiloglanis watatu ambao sayansi ilikuwa haijawaandika: Chiloglanis rukwaensis, Chiloglanis trilobatus, na wa tatu Chiloglanis mbozi. Jina la wilaya yenu ndilo jina la samaki. Kumtenganisha mmoja na mwenzake kunataka samaki mwenyewe mezani, meno yahesabiwe na ndevu zipimwe, kwa hiyo usimuue kwa ajili ya picha. Mweke kwenye chupa ya kioo yenye maji yake, piga mdomo, ubavu na mkia, halafu mrudishe.

Na kumbuka Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yote ya bonde lile yanaingia na kuishia palepale, yanakaushwa na jua. Samaki aliyezoea maji ya baridi yanayokimbia hawezi kukatiza ziwa la kina kifupi lenye matope na magadi kwenda kutafuta kijito kingine upande wa pili. Akiisha kwenye kijito chake, hakuna wa kuja kujaza nafasi.

Kilichowaua Agosti ni sukari. Utomvu wa kahawa mbivu umejaa sukari. Ukiingia majini bakteria wanaushambulia, wanazaliana kwa kasi, na kwa kazi hiyo wanamaliza oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji. Ile pamba nyeupe uliyoiona ni bakteria wenyewe wamekaa pamoja kwa mamilioni. Juu ya hilo, maji ya kuvundikia kahawa, yaani kuiacha ichache ili utomvu uachie, yana tindikali kali, pH yake (kipimo cha tindikali) hushuka mpaka karibu na 4, wakati maji mazuri ya kijito yako jirani na 7. Kambare angeweza kuvumilia kwa sababu ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Huyu wako hana. Ulipowaona wamekwenda penye povu, walikuwa wamefuata hewa mahali pa mwisho ilipobaki. Na ubaya zaidi, msimu wa kumenya unaangukia kiangazi, wakati kijito kina maji machache ya kupunguza ukali wa chochote kinachomwagwa.

Watarudi? Wale wanne wa juu ndio tumaini lenu. Maji makubwa ya mvua yatawashusha baadhi yao polepole, na wakikuta mawe yana chakula watakaa. Kabla ya kutafuta samaki, tafuteni wadudu. Nyanyua jiwe chini ya mashine, weka chekeche upande maji yanakoelekea, lisugue. Ukipata wadudu bapa wenye mikia mitatu kama nyuzi, au wale wanaojijengea vibanda vya changarawe, kijito kinapona. Ukipata minyoo midogo myekundu tu, bado, maana hiyo inaweza kuishi penye hewa kidogo. Watafiti wetu wana hata mfumo wa kupima afya ya mito ya Tanzania kwa kutumia wadudu hao, unaitwa TARISS. Wewe na mwanao mmeshaanza kazi ileile kwa mikono.

Ila tafadhali msichukue samaki kutoka kijito kingine mkawatia hapo. Mnaweza kuchanganya aina ambazo zimekaa mbalimbali miaka mingi sana, na mkaleta magonjwa juu yake.

---

Kijana wa Vwawa – Mei 5

Dada, nakuheshimu, lakini niseme nilicho nacho. Mimi nina wadogo zangu watatu sekondari na baba hayupo. Kahawa iliyomenywa mashineni na kuoshwa vizuri inalipa kuliko ile tunayoanika nyumbani na ganda lake. Sasa tukianza kusikia habari za samaki wa urefu wa kidole, ambaye hata hatumli, kesho atakuja ofisa afunge mashine, na hasara ni yangu mimi na wadogo zangu. Nimeona mahali pengine mashine inafungwa msimu uko katikati, watu wakabaki na kahawa mbivu inaozea kwenye magunia. Nauliza kwa moyo mmoja: nani atatulipa?

---

MamaBuni – Mei 5

Mdogo wangu, hofu yako ni yangu. Kahawa mbivu haikusubiri, ukikaa nayo siku ya pili imeshachacha. Ndiyo maana nimeuliza Mei na sikungoja Julai.

Lakini nikueleze habari ya chini ya kijito. Kuna kaya kumi na moja zinateka maji pale, mimi nawafahamu wote. Agosti ile mama mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa anapanda mpaka juu ya mashine yetu na ndoo kichwani, kilomita nzima kwenda, kilomita kurudi, kwa sababu ya mfereji niliounyooshea mkono. Hakunilaumu. Alinisalimia tu akapita. Ving'ang'anizi walituonyesha hali ya maji kabla ya yeye kuanza kupanda, na sisi tukawaona tukaendelea kumenya.

---

Mzee wa Igamba – Mei 6

Wanangu, nimeyasoma yote. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia, mimi natamka.

Hao samaki nawajua. Katika ujana wangu vijito vyote vya huku vilikuwa nao, hata kile kinachopita karibu na kanisa, ambacho leo ni mfereji wa mchanga. Lakini msiiwekee mashine mzigo wote. Nimelima kahawa tangu 1968 na nimeona mambo mengine matatu.

La kwanza ni dawa. Chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, ilipotushika, na kutu ya majani, tulipiga mrututu mwaka hadi mwaka, bomba mgongoni, mikono ya bluu. Jioni bomba tunaliosha wapi? Kijitoni. Hatukujua. Baadaye bwana shamba mmoja akatueleza kwamba shaba iliyomo kwenye mrututu ni sumu kali kwa samaki, hata ikiwa kidogo sana, na inaua ule utelezi wa mawe ambao kijana Mwanamito anasema ndio chakula chao. Mimi nimebadilisha miti yangu mingi nikapanda miche chotara ya Mbimba, ya watu wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, inayostahimili chulebuni na kutu. Pale penye chotara siku hizi silipigi hilo bomba. Mama, uliza kwenye kamati yenu ni wangapi bado wana miti ya zamani, na bomba zao wanaziosha wapi.

La pili ni utupa. Zamani wazee walitwanga majani ya utupa wakayatia kwenye kidimbwi kimoja, kiangazi, siku moja, kwa ruhusa. Kilikuwa kitu kibaya pia, maana utupa haumchagui mkubwa na mdogo, unamzuia samaki asiitumie hewa hata kama imo majini. Sasa hivi vijana hawatwangi. Wanachukua dawa ya kuulia wadudu wa mahindi, wanamwaga kizibo kimoja, wanaokota samaki wanawauza. Huyo anayekula samaki hao anakula nini? Sheria ya uvuvi ya 2003 imekataza sumu kabisa. Nimewahi kusimama mkutanoni nikasema hivyo, na nitasema tena.

La tatu ni milingoti, miti inayokunywa maji mengi. Tuliambiwa tupande, tukapanda mpaka kwenye chemchemi. Mimi niling'oa ya kwangu miaka tisa iliyopita, nikaacha mikuyu na mizambarau ya porini iote yenyewe. Sitawadanganya kwamba samaki wamerudi. Maji yamerudi. Oktoba yalikuwa yanakatika, sasa hayakatiki.

---

Fundi Kumenya – Mei 7

Shikamoo Mzee. Nimefunga na kukarabati mashine za kumenyea kahawa Mbozi na Mbinga kwa miaka mingi, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye swali la dada la tatu. Kijana wa Vwawa nawe usikilize, maana hapa hakuna mahali nitasema mfunge mashine.

Anzeni na maganda. Kwenye vituo vingi nilivyoona, maganda yanasukumwa na maji kutoka kwenye ngoma mpaka shimoni. Hapo ndipo sukari nyingi inapoingia kwenye maji, kabla hata hamjavundika. Wekeni bati la mteremko chini ya mdomo wa mashine, maganda yadondoke makavu kwenye toroli. Yapelekwe mbali na mto, yachanganywe na samadi, yafunikwe na majani ya migomba, yageuzwe kila baada ya wiki mbili. Kufikia mvua za kupandia ni mboji. Mwaka wa kwanza watu wanalalamika kusukuma toroli, mwaka wa pili wanagombania mboji.

Pili, maji ya kumenyea yanaweza kuzunguka. Yachujeni kwa wavu, yakusanyeni kwenye pipa au tangi dogo, pampu iyarudishe juu ya mashine. Siku nzima mnatumia maji yaleyale, jioni mnayatoa mara moja. Mkishafanya hivyo lile shimo lililojaa wiki ya pili litachukua muda mrefu kujaa, kwa sababu mmepunguza kinachokwenda shimoni. Watu wanakimbilia kuchimba shimo kubwa na kumbe bomba liko wazi tangu asubuhi.

Maji ya kuvundikia na ya kuoshea mara ya kwanza ndiyo makali kuliko yote. Yachimbieni mashimo matatu yanayofuatana. La kwanza refu na jembamba, maji yatulie, uchafu uzame na povu lielee. Povu hilo likikauka mnalitoa kwa koleo, linakwenda kwenye mboji. La pili ndilo la chokaa ya kilimo, mnanyunyizia mkikoroga ili ukali upungue. Nunueni zile karatasi za kupimia tindikali, zinabadilika rangi, hata mtoto anaweza kusoma. La tatu liwe pana na la kina kifupi, mpande matete yamejaa kabisa. Maji yapite humo polepole, yanywee ardhini. Hakuna mfereji wa kwenda kijitoni. Mkiona mnahitaji mfereji, mjue mmemenya kuliko uwezo wa mashimo, siku hiyo mpumzike au mpeleke kahawa kituo kingine.

Kuhusu umbali: Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataka shughuli zinazoweza kuharibu mto zikae mita 60 kutoka ukingoni. Mashine yenu iko mita 28. Maji mnaweza kuyavuta kwa bomba, kwa hiyo mashimo yote yachimbwe nje ya hizo 60, upande wa juu penye udongo mgumu, na pampu ndogo ipandishe majitaka huko. Na msiwakimbie watu wa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa, ofisi yao iko hapo Mbeya mjini. Sheria ya maji ya 2009 inataka kibali cha kuchukua maji na kibali cha kutoa majitaka. Nimeona vikundi vilivyokwenda vyenyewe, vikaeleza vina mpango gani, vikasikilizwa. Mashine ambazo nimeona zinafungwa katikati ya msimu ni zile zilizosubiri watu wa chini ya mto wapeleke malalamiko.

---

Mwana Mufindi – Mei 8

Kamwene wote. Huku kwetu kahawa haipo, tuna chai na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, lakini nimewasoma kwa sababu nami nina kijito. Sisi tatizo lilikuwa tope. Kila kaya ilikuwa na kinyungu mpaka kwenye kingo, tukilima mboga kiangazi, mvua ya kwanza inashusha udongo wote. Mawe yakazama, ukikanyaga mguu unaingia mpaka kwenye kifundo. Kitongoji kikakubaliana kila mtu aache ukingo wake hatua kumi, mianzi na nyasi viote. Hatua kumi ni pungufu ya sheria, najua, ila ndipo tulipoweza kuanzia bila ugomvi. Mwaka wa nne mawe yakaonekana tena. Dada, angalia pia kama chini ya mashine kuna tope, maana hata mkiondoa sukari, jiwe lililozikwa halina faida kwa samaki wa kushika.

---

MamaBuni – Juni 16

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu tulikuwa tunachimba.

Kikao kilikuwa Mei 19. Nilisoma maneno ya Mwanamito kama alivyoyaandika. Nilipofika kwenye Chiloglanis mbozi, mwenyekiti alinisimamisha akaniomba nirudie, halafu akauliza, "Mbozi yetu hii?" Nikamwambia hii hii. Watu wakanyamaza kidogo. Kisha yule mama wa mtoto mchanga, ambaye si mwanachama lakini alikuja, akasimama akaeleza habari ya ndoo. Baada ya hapo hatukubishana kama tuchimbe. Tulibishana wapi, na nani atatoa siku ngapi.

Tumechimba mashimo matatu upande wa juu, ukingo wa karibu uko mita 66 kutoka kijitoni. La tatu tumelipanda matete, bado machanga, yananitia wasiwasi. Pampu tumenunua ya mtumba. Pesa ya chokaa imetoka kwenye mfuko wa kikundi. Mfereji wa mwaka jana tumeufukia, na mimi nilishika jembe la kwanza. Wanachama kumi na wanne kati ya thelathini na mmoja bado wana miti ya zamani inayopigwa mrututu. Tumeweka pipa la kuoshea bomba pale kituoni na maji yake hayaendi kijitoni. Mzee wangu wa Igamba, shikamoo, mawili kati ya mashamba hayo yameomba miche ya Mbimba kwa mvua zijazo. Wajumbe wawili wa kamati wamekwenda Mbeya kwenye ofisi ya bonde, wamepewa fomu na kuambiwa mtu atakuja kukagua. Kijana wa Vwawa, nilikuandikia pembeni lakini nirudie hapa mbele ya watu: asante kwa siku zako tatu na lile toroli.

Mwana Mufindi, ulikuwa sahihi. Tope lipo, hasa mahali ng'ombe wanaposhukia. Hilo bado hatujaligusa.

Jana nimekwenda na mwanangu na chekeche. Juu ya mashine, mawe thelathini, samaki watano. Chini ya mashine, kwenye lile jiwe ambalo mwaka jana lilifunikwa na pamba, tumesugua tukapata wadudu wa mikia mitatu, sita, na vibanda viwili vya changarawe. Minyoo myekundu ipo, michache. Tukaendelea kushuka. Kwenye jiwe la arobaini na moja mwanangu akaniita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alikuwa mmoja, mdogo sana, hafiki nusu ya kidole, mdomo umeganda kwenye jiwe. Tumempiga picha akiwa hapohapo, hatukumbandua. Mwanamito nitakutumia.

Kahawa ya mwanzo imeiva kwa akina mama wa bondeni. Tunaanza kumenya Jumatatu, na Jumamosi nitakwenda kuhesabu tena.